Kaka Respicius wa Görlitz na Mtoto Mliyemkata Pichani

Baba Paroko, mheshimiwa uliyetumwa na ubalozi, wazee wetu, mama zangu, majirani wa Hyattsville na Langley Park, na nyote mlioacha kazi na vitanda vyenu kuja kusimama nasi kwenye baridi hii ya Marekani, leo Jumamosi tarehe 17 Oktoba 1998, poleni sana na msiba, na Tumsifu Yesu Kristo. Jina langu ni Domina Kokushubira, mimi na marehemu tumenyonya ziwa moja, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake kabla hatujamshusha kaburini. Karatasi niliyopewa nisome, ambayo imepigwa chapa vizuri na haina hata kosa moja la herufi, nimeiacha kwenye gari, kwa sababu ina uongo ndani yake, na mbele ya jeneza la kaka yangu sisomi uongo. Imeandikwa mle kwamba marehemu ameacha watoto watatu. Marehemu ameacha watoto wanne, na yule wa kwanza amesimama kule nyuma, nje ya turubai, karibu na magari, hana kipande cha kitenge begani kama wanafamilia wengine kwa kuwa aliambiwa asubuhi kwamba vimekwisha, wakati mimi nimeviona kwa macho yangu vimejaa boksi kwenye buti la gari. Kwa hiyo nitaisema historia yote, hatua kwa hatua, tarehe na mahali, kama desturi yetu inavyotaka, na anayeona aibu atazame viatu vyake.

Marehemu Respicius Rweyongeza alizaliwa tarehe 17 Machi 1948 huko Kamachumu, katika nchi ya Wahaya, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano wa Mzee Deogratias, katekista wa kigango chetu, na mama yetu Benadetha, ambaye ninawaomba mlishike jina lake kwa sababu nitalihitaji hivi punde. Alibatizwa tarehe 28 Machi, siku ya Pasaka ya mwaka huohuo, akalelewa kwa ndizi, senene na fimbo ya kiasi, na utotoni alijulikana kwa ubishi na kwa kupenda kila kitu kinachotoa sauti, hata alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu alikifungua kinanda cha kukanyaga cha kanisani bila ruhusa ya padri, akakirudisha kikiwa kizima kuliko alivyokikuta, akachapwa kwanza, kisha akapewa kazi ya kukitunza. Aliyekwenda kumshtaki kwa padri siku ile ni kaka yetu Ferdinand, mtoto wa baba yetu mkubwa, ambaye leo ndiye mwenyekiti wa kamati ya mazishi haya. Namtaja mapema ili mgeni yeyote hapa amjue, ndiye yule aliyekaa mbele mwenye suti ya kijivu.

Kaka alianza shule ya msingi hapohapo Kamachumu mwezi Januari 1955, akaendelea na shule ya kati hadi mwaka 1962, akachaguliwa kwenda Sekondari ya Ihungo alikosoma kuanzia 1963 hadi 1966, na kuanzia 1967 akajifunza ufundi wa mabehewa katika chuo cha reli Tabora, alikofanya vizuri hata akapata nafasi ya masomo Ujerumani Mashariki. Aliondoka Dar es Salaam tarehe 12 Septemba 1969 akiwa amevaa koti la kuazima, akakaa mwaka mmoja Leipzig akihangaika na lugha, na mwezi Oktoba 1970 akashuka kwenye treni katika mji wa Görlitz, mpakani kabisa mwa nchi ile, alikokaa hadi alipohitimu mwaka 1976. Karatasi iliyo kwenye gari inasema hivi kuhusu miaka hiyo, nainukuu, "Alipata masomo ya juu Ulaya," halafu inaruka moja kwa moja hadi Tabora, kana kwamba mtu alilala njiani akaamka ameota mvi.

Mimi sijafika Görlitz hata siku moja, lakini naujua mji ule kuliko ninavyoujua mtaa ninaokaa, na ninyi pia mnaujua, msijifanye. Kila Desemba tunapokutana kusherehekea Uhuru katika ukumbi wa chini ya kanisa letu pale Hyattsville, tukishamaliza hotuba ambazo hakuna anayezisikiliza, kaka alikuwa akifunga mashine yake ya slaidi, akitandika shuka jeupe ukutani, taa zikizimwa, akisema, "Haya jamani, leo nawatembeza kwetu," na kwetu kwenyewe ilikuwa Görlitz. Aliwaonyesha mto Neisse, mwembamba hata ukimwita mtu upande huu wa Ujerumani anaitika wa upande wa Poland, akawaeleza kwamba hadi mwaka 1945 huo ulikuwa mji mmoja, vita vilipokwisha mpaka ukapita katikati, ukawa miji miwili yenye lugha mbili, na lile daraja lililo chini ya kanisa kubwa lililipuliwa siku za mwisho za vita na hadi leo halijajengwa, zimebaki nguzo zake tu kando ya maji. Aliwaonyesha Kanisa la Watakatifu Petro na Paulo lenye minara miwili juu ya jabali, na ndani yake kile kinanda kikubwa cha mabomba kinachoitwa Kinanda cha Jua, kwa kuwa mabomba yake yamepangwa kuzunguka nyuso za jua kama miale, na mkashangaa, nami nikiwa miongoni mwenu.

Aliwaonyesha uwanja wa soko la zamani wenye nyumba zilizojengwa kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa, mpaka Bwana Vuai wa Zanzibar, ambaye namwona pale, akasema, "Wallahi milango hii, watu hawa na sie wa Mji Mkongwe tuna udugu, tena udugu wa karibu." Aliwaonyesha saa ya mnara wa baraza la mji, yenye kichwa cha mzee mwenye ndevu ambaye kila dakika ikipita hufungua kinywa na kukifumba, hufungua na kukifumba, bila kusema neno, na kaka alipenda kusema kwamba anawajua wenyeviti kadhaa wa namna hiyo hapa Maryland, mkacheka mpaka mkamwaga soda. Aliwaonyesha tao la mlango ambalo ukinong'ona kwenye mfereji wake wa mawe upande mmoja, mwenzio aliyetega sikio upande wa pili anakusikia vizuri kabisa, na watu wa mji huwapeleka wachumba wao pale. Sisi Hyattsville hatuhitaji tao, nong'ono zenu za wiki nzima hii zimenifikia zote.

Na katika karibu kila slaidi, kwani nyingi alizipiga miaka ya karibuni alipokuwa akirudi kule, mbele ya kanisa, mbele ya mnara, kwenye ngazi za baraza la mji chini ya sanamu ya Haki ambayo kule hawakuifunga kitambaa machoni, alikuwepo msichana mmoja mrefu mweusi wa maji ya kunde, mwenye nywele nyingi na paji la uso la mama yetu. Kila mwaka kuna mtu aliuliza ni nani, na kila mwaka kaka alijibu mbele ya wote, bila kushusha sauti, kwamba ni binti yake wa kwanza, na mlisema, "Aaa, hongera, mzuri," mkaendelea kula sambusa. Kwa hiyo pasiwe na mtu wa kuniambia leo kwamba nimefichua siri, hakuna siri hapa, kuna watu walioamua kusahau kwa pamoja.

Msichana huyo alizaliwa Görlitz tarehe 6 Mei 1974, mama yake akiwa Renate, mshonaji katika kiwanda cha nguo cha mji ule, mwanamke aliyependana na kaka yangu kwa miaka minne, na walipeleka maombi ya ndoa kwenye ofisi zote zilizohusika, za kule na za kwetu, maombi yakakaa mwaka mzima bila jibu, na jibu lilipokuja lilikuwa tiketi ya ndege ya kaka kurudi nyumbani. Kaka alikuwa ameshaandika kwa baba, akatuma na picha ya mtoto akiwa na wiki tatu. Siku ya Jumapili moja ya mwezi Julai 1974 Mzee Deogratias akakusanya ukoo uani Kamachumu, akaipitisha picha ile mkono kwa mkono, akatamka mbele ya wote kwamba mtoto ni wetu na jina lake ni Benadetha, jina la mke wake, la mama yetu, lile nililowaomba mlishike, na wazee wakanywa lubisi kuthibitisha. Ninyi mliotoka Bukoba mnajua maana yake, mtoto akishapewa jina na babu yake mbele ya ukoo, na pombe ya ndizi ikanywewa, hakuna mtu mwenye ubavu wa kumtoa tena. Niliyekuwa nikigawa vibuyu siku ile ni mimi, nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba. Na kaka Ferdinand, mwenyekiti wetu, ulikunywa. Uliomba na kuongezewa. Usinitazame hivyo, kaka, nilikuongezea mwenyewe.

Niendelee na kazi zake. Marehemu alirudi nyumbani tarehe 30 Agosti 1976, akaajiriwa kama fundi, baadaye msimamizi, katika karakana ya reli Tabora, alikofanya kazi hadi mwaka 1984, kisha akaja Washington kwa masomo ya muda mfupi, na kama ilivyotokea kwa wengi wetu hapa, muda mfupi ukarefuka. Tarehe 3 Februari 1986 alianza kazi ya kutengeneza mabehewa ya treni za abiria katika karakana moja hapa mjini, na hapo amekuwa hadi ugonjwa ulipomtoa, akipendwa na wenzake, akiwasumbua wenzake, akiwaambia kila behewa lilipokataa kufunga mlango kwamba huko Görlitz jambo hili lisingetokea. Mwenzake Simiyu, Mkenya, ambaye siku za mapumziko huendesha duka dogo la kuchapisha pale Langley Park, ameniambia juzi, "Sister, huyo mzee alikuwa anatuchosha na hiyo Görlitz yake, lakini akikosa kuja job siku moja, siku hiyo ilikuwa ndefu sana."

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa takatifu na wifi yangu Honorata tarehe 29 Agosti 1981 katika kanisa la Tabora, na kabla hajapeleka hata barua ya posa alimweka Honorata chini akamwambia kila kitu kuhusu Renate na mtoto, kwa kuwa kaka yangu alikuwa na makosa mengi lakini mwoga hakuwa. Honorata alimjibu kwamba mwanamume aliyemkana mtoto mmoja hawezi kuaminiwa na wa pili, na kwa kuwa yeye hakumkana, basi alete posa. Mungu aliwajalia watoto watatu, Vumilia aliyezaliwa Tabora mwaka 1982, Solomon aliyezaliwa mwaka 1984, na Rosemary aliyezaliwa hapa Hyattsville mwaka 1989. Renate naye aliolewa na mtu wa mji wake, wakawasiliana na kaka kwa heshima mpaka yeye Renate alipofariki mwaka 1995, na siku ile Honorata aliomba isomwe misa ya kumwombea katika kanisa letu, ikatangazwa, mkaja, mkaimba.

Benadetha alifika hapa kwa mara ya kwanza mwezi Julai 1993, akakaa nyumbani kwa Honorata kiangazi chote, akawasuka wadogo zake nywele vibaya, akajifunza kupika ndizi na nyama akaziunguza, na wengi wenu hapa mmekula naye. Kazi yake kule ilikuwa kuwatembeza wageni katika mji wao, kuwaonyesha hayo makanisa na minara na matao, kwa hiyo yale mliyokuwa mkiyashangilia gizani kila Desemba, sehemu kubwa kaka aliyapata kwake. Mwezi Oktoba mwaka jana, kile Kinanda cha Jua, ambacho kilikuwa kimenyamaza miaka mingi, kilipopata mabomba mapya na kuanza kulia tena, baba na binti walikwenda kukisikiliza pamoja, wakakaa benchi la nyuma, na kaka aliniambia kwamba alilia kama mtoto mchanga na hakujali Wajerumani wangapi walimwona.

Sasa niwaambie kuhusu picha. Shikeni hivyo vijitabu vya ratiba mlivyogawiwa pale getini, mtazame picha iliyo juu. Ni nzuri, kaka anacheka, amevaa kofia yake ya sufu, nyuma yake kuna kijengo cha mawe chenye kuba dogo juu. Hilo ni Kaburi Takatifu la Görlitz, nakala ya Kaburi la Bwana wetu lililoko Yerusalemu, na ndilo alilolipenda kuliko vyote. Husimuliwa kule kwamba zaidi ya miaka mia tano iliyopita mtoto wa tajiri mmoja alimpa mimba binti wa jirani, akakataa kumwoa, ukoo wake ukamtuma kuhiji Yerusalemu ili jina lao lisafishwe, akarudi mtu mtakatifu, akawa mkubwa wa mji, na nakala ile ikajengwa kwa juhudi zake, inatembelewa mpaka leo. Kaka alikuwa akiiacha slaidi hiyo ukutani muda mrefu kuliko zote, halafu akisema, "Mahali pazuri sana hapa, lakini mimi kila nikifika nauliza, yule mtoto je?" Mlimsikia. Mkadhani ni historia ya Wazungu.

Tazameni tena picha. Kwenye bega la kushoto la kaka kuna mkono. Ni vidole vinne na pete moja, na baada ya hapo karatasi imekwisha. Hakuna aliyejiuliza tangu asubuhi mkono huo ni wa nani? Ni wa Benadetha, alikuwa amemkumbatia baba yake mbele ya Kaburi Takatifu, wote wawili wakicheka, na mmemkata kwa mkasi. Simiyu aliambiwa tu, "Crop hiyo picha, abaki marehemu peke yake," akafanya alivyoagizwa, akaniletea nakala nzima jioni kwa sababu roho ilimsuta, naye simlaumu. Simlaumu aliyeshika mkasi, namlaumu aliyeutuma. Kati ya picha zote za kaka yangu, mbele ya kaburi lile, lenye kisa kile, hapo ndipo mlipoona pa kumkata mtoto. Nina hasira, ndugu zangu, siwezi kuwadanganya, toka Jumatano sijalala vizuri kwa hasira.

Jumatano ndiyo siku tuliyofanya kikao cha familia, alasiri, nyumbani kwa kaka Ferdinand, Upper Marlboro. Hapo ndipo aliposema, "Domina, hiyo part ya Ujerumani tui-skip tu, watu wa ubalozi watakuwepo, tusimu-embarrass marehemu kwa mtoto wa nje." Nikamuuliza, nje ya nini? Nje ya nyumba alimolala? Nje ya jina la mama? Wahenga walisema kitanda hakizai haramu. Akasema anamlinda mjane. Mjane, ambaye alikuwa amekaa palepale kwenye kochi na shuka lake mabegani, akasema, "Shemeji, mimi nilindwe na nini? Huyo mtoto ndiye anayenipikia uji wiki hii yote." Mkajifanya hamkusikia, ikapigwa kura, ninyi wanaume watano mkanyanyua mikono, na ikaandikwa watoto watatu. Vumilia alikuwa mlangoni, aliuliza kwa Kiingereza chake, "Shangazi, so who is she supposed to be at the funeral?" yaani huyu dada yake mazikoni awe nani.

Sababu yenyewe mimi naijua, na kwa kuwa leo ni siku ya kusema, naisema. Watoto wanaotajwa siku ya maziko ndio ukoo utakaowatambua siku ya kuzungumzia kibanja cha Kamachumu, shamba la urithi wa ukoo, na kuna mtu anaogopa kwamba mzaliwa wa kwanza ataruka kutoka Görlitz kuja kudai migomba. Benadetha hajaomba mgomba hata mmoja. Ameniomba kitu kimoja, jana, tukiosha vyombo, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza alichofundishwa na baba yake kwenye simu, aliniuliza, "Shangazi, mimi naweza kuweka udongo pamoja na wadogo zangu?" Nikafungua ratiba, nikatafuta yuko wapi. Mjane, watoto watatu, ndugu wa ukoo, ubalozi, wafanyakazi wenzake, chama chetu cha Watanzania, na mwisho kabisa, wakati watu wameshaanza kurudi kwenye magari, marafiki. Mmemweka kwenye marafiki.

Nimalizie ugonjwa na kifo chake. Marehemu alianza kuumwa tumbo mwezi Februari mwaka huu, akauficha ugonjwa kwa ubishi wake wa siku zote, akisema ni vidonda vya zamani, lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na tarehe 21 Aprili madaktari walituambia kwamba ni saratani ya kongosho na kwamba imeshasambaa. Alitibiwa kwa kila njia, akapata nafuu kidogo mwezi Juni, na ule mwezi wa Agosti, siku zile ambapo sote tulikuwa tumekaa mbele ya televisheni tukiulizia ndugu zetu wa Dar es Salaam na Nairobi baada ya mabomu, yeye alirudishwa hospitali na hakutoka tena kwa miguu yake. Benadetha aliomba ruhusa ya kazi, ikakataliwa, akaiacha kazi, akafika tarehe 25 Agosti. Alikaa na baba yake hadi mwisho, akimgeuza, akimlisha, akimpaka mafuta miguuni, akimwekea kanda ya kile kinanda cha kule kwao aliyoirekodi mwenyewe, ili Honorata apate kwenda kazini na bima ya hospitali isikatike. Kaka Ferdinand alifika kumwona, ni kweli, na alileta maua. Ijumaa tarehe 9 Oktoba 1998, saa kumi alasiri, marehemu alikata roho, mimi nikiwa njiani kutoka zamu yangu, Honorata akiwa kwenye lifti anapanda, na aliyemfumba macho ni huyo mtoto wa nje.

Kwa niaba ya Honorata, namshukuru kila daktari na kila muuguzi wa wodi ile, hasa yule mama wa zamu ya mchana aliyekuwa akijifanya haoni tunapoingiza supu. Nawashukuru majirani wa jengo letu Hyattsville, Wasalvador mliotuletea vyakula ambavyo hatuvijui majina na tukavimaliza, Bwana Vuai na jamaa zako wa Zanzibar mliotuletea birika za chai na mkakaa nasi kila siku bila kuulizwa dini. Nawashukuru wafanyakazi wenzake wa karakana, ambao mmesimama huku mmevaa makoti ya kazi kwa heshima yake, Mungu awabariki. Chama nakishukuru kwa turubai na viti. Kikao cha Jumatano sikishukuru.

Kaka Ferdinand, tafadhali kaa, sijamaliza, na ukinyanyuka tena nitaisoma historia yako pia, nayo naijua tangu Kamachumu. Baba Paroko, nisamehe, karibu namaliza. Vumilia mwanangu, unakwenda wapi? Nenda. Nenda tu, mama, wapisheni apite. Solomon, mshike Rosemary mkono, mfuateni dada yenu.

Ndugu waombolezaji, mnaona wenyewe, sina haja ya kueleza. Wale ni watoto wa marehemu wanakuja, wameshikana mikono, na huyo mrefu aliye katikati, anayelia, ndiye Benadetha, kifungua mimba wa kaka yangu. Mimi ni shangazi, na kwetu shangazi ndiye anayewajua watoto wa kaka yake, hakuna kikao kinachomzidi. Marehemu Respicius Rweyongeza ameacha mjane mmoja, watoto wanne, wadogo zake wanne, na ukoo wenye la kujibu. Udongo utaanza na Honorata, halafu Benadetha, halafu Vumilia, Solomon na Rosemary, na sisi wengine wote, tukiwemo wenyeviti, tutangoja zamu yetu nyuma yao.

Kaka yangu, yule mtoto amefika, nao wenzake wamekuja naye. Pumzika kwa amani.